Muhimbili au Dodoma: kisa cha wazazi, binti na namba ya siri

Mwanzoni mwa Septemba 2024 baba mmoja wa Singida alipokea kwenye simu yake ujumbe wenye namba ya siri, akakaa nao siku mbili bila kumwambia mkewe. Namba hiyo ndiyo inayotumika kuthibitisha udahili wa chuo kikuu. Binti yao alikuwa amechaguliwa kusomea udaktari wa binadamu katika vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho wote tunakiita MUHAS, na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha kimoja tu, tena ndani ya muda uliotangazwa. Baba alitaka Muhimbili. Mama alitaka Dodoma. Mwenye matokeo yake alikuwa bado kambini Mafinga, kwenye Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, anapigishwa kwata.

Nimefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na kila Julai simu yangu hujaa wazazi. Hawa walinipigia kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja aliniomba nizungumze na mwenzake. Wameniruhusu kuandika kisa chao bila majina. Naandika kwa sababu ubishi huu naukuta mwaka hadi mwaka, na mara nyingi wazazi hubishania mwaka wa kwanza huku wakilipia miaka mitano.

Kalenda inayomwacha mtoto nje

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Wahitimu huitwa JKT kwa mujibu wa sheria kwa miezi mitatu, na mwaka ule walitakiwa kuripoti mwanzoni mwa Juni. Baraza la Mitihani, NECTA, likatangaza matokeo Julai 13. Siku chache baadaye dirisha la kwanza la udahili likafunguliwa, likafungwa Agosti. Kwa hiyo wiki zile zile ambazo kijana anapaswa kukaa chini na kuchagua, yeye yuko kwenye mchakamchaka, simu anaishika kwa bahati, na anayejaza fomu ni mzazi aliyesimama steshenari akimwelekeza kijana wa kompyuta.

Binti alikuwa ameacha karatasi iliyochanwa kwenye daftari: udaktari, kisha Muhimbili, Dodoma, KCMC, yaani chuo cha tiba cha Moshi. Kama huo ulikuwa mpangilio wa kupenda au aliandika tu jinsi vyuo vilivyomjia kichwani, hakusema. Baba aliusoma kama mpangilio. Mama akasema ni orodha.

Kijana wa steshenari naye akaweka barua pepe yake mwenyewe kwenye fomu ili foleni isonge, na namba ya simu ikawa ya baba. Jambo dogo, lakini ndilo lililompa mtu mmoja ndani ya nyumba uwezo wa kuamua peke yake, usiku, kwa vidole viwili. Kama unajaza fomu kwa niaba ya mtoto, weka namba yake na barua pepe yake hata kama simu imefungiwa kabatini. Namba ya siri ikipotea, au ikienda kusikotakiwa, mwombaji huingia kwenye akaunti yake ya chuo alichochaguliwa na kuomba itumwe upya. Mama hakulijua hilo. Nilipomweleza, nilisikia pumzi ikimshuka.

Kuhusu alama. Binti alipata A ya Kemia, A ya Biolojia na B ya Fizikia, yaani division one ya pointi 4, kwa hesabu ya mtihani ambako A ni 1 na B ni 2. Kwa hesabu ya udahili, ambako A ni 5 na B ni 4, hizo ni pointi 14. Mwongozo wa TCU kwa udaktari unataka angalau D katika masomo hayo matatu, jumla pointi 6, na hapo wazazi wengi huchanganyikiwa: wanadhani mwenye 14 hawezi kukosa popote. Pointi 6 zinakupa haki ya kuomba tu. Nafasi zenyewe zinagombewa, na Muhimbili inagombewa na watoto wenye A tatu kutoka kila kona ya nchi. Ndiyo maana Julai niliwasisitizia waombe vyuo vitatu. Cha tatu kilikuwa kile cha KCMC, Moshi. Mama aliuliza ada, akaambiwa ni zaidi ya mara mbili ya vyuo vya serikali, na mjadala wa Moshi ukaishia hapo. Baba naye alikuwa akitegemea ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi. Orodha ilipotoka, jina la binti halikuwemo.

Hoja ya baba

Baba ni mhasibu wa halmashauri, mtu wa maneno machache. Hoja yake ilikuwa jina. "Mwalimu, mtu akisema ametoka Muhimbili, haulizwi swali la pili."

Jina lipo, na lina historia. Pale Upanga, kilipo chuo hicho, ndipo Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha tiba, 1991 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa muda mrefu daktari aliyefundishwa nchini alikuwa amefundishwa pale. Baba alikulia katika nchi hiyo.

Lakini nchi imebadilika. Mhitimu wa Muhimbili, wa Dodoma, wa Bugando na wa Moshi wote hufanya utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, wa mwaka mmoja, wote husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wote hukutana kwenye usaili wa ajira za serikali. Akitaka ubingwa, anaweza kuomba uzamili MUHAS hata kama shahada ya kwanza aliipata Dodoma, na wengi wamefanya hivyo. Nilimwambia baba kwamba hoja ya jina ilikuwa na nguvu zaidi mwaka aliozaliwa yeye.

Kilichonishangaza ni kwamba hoja yake iliyo bora hakuitaja hata mara moja, nayo ni hospitali. Mwanafunzi wa Upanga anatoka darasani anaingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Ndani ya eneo hilo hilo kuna taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu, MOI, na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Ocean Road, ya saratani, haiko mbali. Tangu 2017 kuna na hospitali ya Mloganzila, kule Kibamba. Mgonjwa aliyeshindikana Kigoma, Mtwara au Singida, mara nyingi safari yake inaishia hapo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kuuona kwa macho ugonjwa ambao mwenzake kwingine atausoma tu kitabuni.

Hoja ya mama

Mama anakamua alizeti na kuuza mafuta. Yeye alizungumza vitu vinavyoshikika: nauli, kitanda, chakula, usalama wa mtoto wa kike. Kutoka Singida hadi Dodoma ni kilomita kama 240, basi la asubuhi linafika kabla ya mchana. Anaweza kumpelekea unga na mafuta mwenyewe. UDOM, iliyoanzishwa 2007 kule Chimwaga, ilijengwa tangu mwanzo na hosteli za maelfu ya wanafunzi. Upanga ni katikati ya jiji, vitanda vya chuo haviwatoshi wote wanaovitaka, na mwenye nyumba wa Dar es Salaam anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hujatua begi.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwanafunzi mwenye mkopo kamili wa chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo hupata shilingi 10,000 kwa siku, ile inayoitwa boom. Inatoka kwa mafungu, na wa mwaka wa kwanza hulazimika kwanza kusajiliwa na kukamilisha taarifa zake kabla fungu la kwanza halijaingia. Shilingi 10,000 ukiwa unalala ndani ya chuo ni maisha ya kubana lakini yanakwenda. Ukitoa humo chumba cha Ilala na nauli, unabaki na sahani moja ya wali maharage kwa mama lishe na chai ya kusindikizia.

Kuhusu umbali, nilimpunguzia mzigo kidogo. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, safari hiyo inachukua saa chini ya nne. Singida si mbali tena kama alivyokuwa akiifikiria.

Usalama ndipo tulipotofautiana. "Dar itamla mwanangu," alisema, akimaanisha wanaume wenye magari na walimu wenye tamaa. Hofu hiyo siidharau. Ila Dodoma siyo kinga. Utafiti wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wa mwaka 2020 kuhusu rushwa ya ngono katika elimu ya juu ulifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na UDOM, na ulikuta tatizo lipo. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Nilimwambia mama kwamba binti mwenye kuyajua hayo, na anayejua kuwa nyumbani ataaminiwa akipiga simu, ana ulinzi zaidi kuliko binti aliyepelekwa chuo cha karibu akanyamazishwa. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, lakini kitanda je?"

Nyumba ya shangazi

Kila familia ya mikoani ina shangazi wa Dar es Salaam. Huyu anakaa Chanika. Wazazi walipochoka kubishana, wakakutana hapo: aende Muhimbili, akae kwa shangazi, kodi haipo, mtu mzima yupo. Baba alifurahi kwa sababu ni dada yake. Mama alikubali shingo upande. Wifi ni wifi.

Niliupinga mpango huo kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki, na ningeupinga tena. Chanika iko pembezoni kabisa, ukivuka Gongo la Mboto unaendelea. Mwanafunzi wa kipindi cha asubuhi anaamka usiku wa manane, anasimama kwenye daladala, anafika darasani amechoka kabla anatomia haijaanza. Jioni wenzake wanakaa kwenye kikundi cha kujisomea, wanapitia madesa, yaani notisi, ya waliotangulia, wanaulizana majina ya mifupa. Yeye anakimbilia gari la mwisho. Akifika nyumbani kuna vyombo, kuna watoto wa kusaidiwa kazi za shule, kuna mgeni wa kuandaliwa chai. Shangazi hana ubaya wowote. Ni nyumba ya watu, na mtoto wa kaka hawezi kujifungia chumbani na kitabu huku mwenye nyumba yuko jikoni. Udaktari mwaka wa kwanza una sup, yaani mitihani ya marudio, nyingi kuliko wazazi wanavyodhani, na waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, ninaowafahamu, zaidi ya mmoja walikuwa na A zao safi za kidato cha sita na safari za saa tano kwa siku.

Malazi ya bure ndiyo niliyoona yanaharibu masomo haraka zaidi. Baba hakupenda nilivyosema hivyo kuhusu dada yake, na alikuwa na haki ya kutopenda.

Kubishania mwaka upi

Niliwaomba wote wawili waje kwangu, tukachora mstari kwenye karatasi wenye vipande vitano. Miaka miwili ya mwanzo ni sayansi ya msingi: anatomia, fiziolojia, biokemia, na zinazofuata. Hapo mwanafunzi anahitaji usingizi, maji, chakula, maktaba, na wenzake karibu. Kwa miaka hiyo mama ana hoja nzito: kitanda cha ndani ya chuo ni sehemu ya masomo, na anatomia ni ile ile kotekote.

Kuanzia mwaka wa tatu wodi ndiyo darasa. Hapo hoja iliyokuwa imejificha nyuma ya jina la baba ndiyo inayopata uzito. Lakini nayo ina upande wa pili ambao watu wa nje hawauoni. Hospitali kubwa ina wagonjwa wengi, na ina watazamaji wengi pia. Kwenye raundi ya Muhimbili kitandani kuna daktari bingwa, kuna wanaosomea ubingwa, kuna watarajali, ndipo waje wa shahada ya kwanza nyuma, wakichungulia juu ya mabega. Dodoma, yenye Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyozinduliwa 2015 karibu na chuo, pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa, ina foleni fupi zaidi ya wanaosomea ubingwa, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuambiwa mapema zaidi ashike yeye. Na Benjamin Mkapa si hospitali ya kubeza: imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018.

Kwa hiyo kama ni mimi, kwa fedha zile za familia ile, ningeegemea Dodoma, na niliwaambia hivyo wazi. Mama akatabasamu. Baba akauliza kama chai ipo.

Binti akarudi

Alitoka Mafinga amekonda, amekuwa mweusi wa jua, sauti imekauka kwa nyimbo za mchakamchaka. Siku za kuthibitisha zilikuwa bado zipo. Akanipigia mwenyewe. "Shikamoo Mwalimu. Nimesikia mmenichorea mstari."

Alichosema hakikuwa upande wa baba wala wa mama. Akiwa kidato cha tano, mjomba wake aligongwa na bodaboda akavunjika paja, akapelekwa MOI. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumuuguza, wazazi wakamtuma yeye likizo nzima. Alikuwa akilala kwa jamaa, akipanda daladala hadi Muhimbili alfajiri na uji kwenye chupa. Anayajua mageti, anajua saa za kuona wagonjwa, anajua muuguzi gani mkali. Udaktari wenyewe aliuchagua pale, akiangalia namna mguu wa mjomba ulivyowekewa chuma. "Mama anasema Dar itanila," aliniambia, "na yeye ndiye aliyenipeleka kumuuguza kaka yake."

Akakubali hoja ya mabega. Akakubali hoja ya fedha. Anataka mifupa, na anataka kuwa pale inapotibiwa zaidi kuliko mahali pengine nchini, hata kama mwanzoni ataiona kwa mbali. Kisha akaweka sharti moja, ambalo hakuna mzazi aliyelitegemea: kwa shangazi haendi. Kama haiwezekani, basi Dodoma, na hatalalamika.

Hoja hiyo mimi binafsi haikunitosha kabisa. Mtu wa miaka 19 hubadilisha mawazo, na wengi wanaoingia wakitaka upasuaji hutoka wakipenda watoto au magonjwa ya ndani. Lakini ilikuwa hoja ya kwanza katika mjadala mzima iliyotoka kwa mtu atakayeishi nayo, na ilikuja na gharama ambayo yeye mwenyewe alikuwa tayari kuilipa. Nilimwambia baba ampe simu.

Akathibitisha Muhimbili.

Kilichofuata kilikuwa kazi. Baba ndiye aliyempigia dada yake, maana wengine wote tungekosea adabu. Alimwambia ratiba ya chuo haimruhusu mtoto kukaa mbali, na kwamba atakuja kumsalimia Jumapili moja kila mwezi. Shangazi alinuna, kisha akatuma godoro. Binti aliomba kitanda cha chuo akawa kwenye orodha ya kusubiri, hivyo kwa muhula wa kwanza wakapata chumba Ilala cha wasichana watatu, wote wa mwaka wa kwanza, mwendo wa miguu hadi darasani. Kodi ya miezi sita, mgao wake, ilitoka kwenye madumu ya alizeti ambayo mama alikuwa ameyaweka asubiri bei ya Disemba. Kompyuta mpakato iliyokuwa imeahidiwa ikasogezwa mbele; wenzake wawili wanayo moja.

Mkopo alipata wa sehemu, si kamili, kwa kuwa baba ana mshahara unaoonekana. Wakati naandika haya ameshafanya majaribio ya kwanza ya anatomia na kufaulu, fiziolojia amekamata sup, na baba anakusanya vielelezo vya rufaa ya mkopo: hati za kifo za babu na bibi waliokuwa wakilea wajukuu wengine, ambao sasa wako mezani kwake.